Timu ni ya nani?

Novemba 2023 wamiliki wa timu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani walipiga kura, bila hata mmoja kupinga, kuiruhusu Athletics iihame Oakland, mji iliokaa tangu 1968, iende Las Vegas. Tukaambiwa hiyo ni biashara huria na mwenye mali haulizwi. Naam! Mbona basi miezi mitano kabla Bunge la Nevada lilikwisha kuidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja mpya? Katika kuhama, timu ni mali ya John Fisher peke yake. Katika kujenga, ghafla ni mali ya kila mlipa kodi. Walimu wa Nevada walipotaka wananchi waamue kwa kura, Mahakama ya Juu ya jimbo ililikataa ombi lao mwaka 2024, eti halikuandikwa inavyotakiwa.

Watetezi wa mpango huu hudai kwamba Oakland iliususa uwanja wake yenyewe. Juni 13, 2023, watu 27,759 walifika pale, wakapaza sauti kumtaka mmiliki aiuze timu. Siku hiyo hiyo Seneti ya Nevada iliupitisha muswada wa fedha.