Kimya cha Tarakilishi: Hatari kwa Hazina ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kauli hii yawafaa sana wanaohamisha kamusi, methali na miswada ya tenzi kutoka karatasini hadi kwenye hifadhidata. Aghalabu wao huogopa tarakilishi kuharibika, ilhali hasara mbaya zaidi ni ile isiyotangazwa: programu hudai imehifadhi, kumbe imehifadhi nusu.

Tuchukue neno "aliwasahaulisha". Safuwima iliyotengewa herufi 10 ikilikata, litabaki "aliwasahau". Hakuna atakayeshuku, kwani lililobaki ni neno sahihi. Lakini aliyesababisha usahaulifu amegeuzwa kuwa aliyesahau. Viambishi tamati vya lugha yetu hubeba maana, navyo ndivyo vinavyotangulia kukatwa.

Jambo hili si la kubuni. MySQL, mfumo wa hifadhidata unaotumiwa na wengi, kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, kwa kawaida ulikata maandishi yaliyozidi nafasi na kutoa onyo tu, ambalo ni rahisi kwa programu kulipuuza. Seti yake ya kawaida ya herufi nayo ilikuwa ya Kilatini hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018. Hivyo, ulinzi usipowashwa, utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu uliweza kugeuka msururu wa alama za kuuliza. Mipangilio hiyo ya zamani ikiachwa ilivyo, maafa hayo yangali yanawezekana.

Wapo watakaodai kuwa kuilazimisha programu kukataa data huchelewesha kazi. Dai hili halina mashiko. Kazi iliyosimama huonekana ikarekebishwa. Iliyokatwa kimyakimya huzikwa. Wala nakala rudufu si kinga, kwani nayo hunakili pengo lilelile.

Kwa maoni yetu, wanaisimu wasiwaachie wahandisi peke yao uamuzi huu. Kwanza, programu ikatae kisichotosha badala ya kukikata. Pili, shughuli yenye hatua kadhaa ikamilike yote au itanguliwe yote. Tatu, kilichohifadhiwa kisomwe upya na kulinganishwa na chanzo, herufi kwa herufi, na idadi ya maingizo ihesabiwe pande zote mbili. Hadi hayo yatimizwe, mswada wa karatasi usiondolewe kabatini. Mhariri akikata neno, twaweza kumhoji. Tarakilishi iliyokata bila kusema haina wa kuihoji.