Fundi, Soma Chipu Kabla ya Kuitupa
TV ya chogo inawaka, lakini picha imesinyaa pembeni na stesheni zote zimefutika. Mafundi wengi hung'oa chipu ya kumbukumbu, ile ya miguu minane iliyoandikwa 24C08, na kubandika mpya isiyo na kitu ndani. Hapo ndipo wanapomkosea mteja.

Chipu hiyo hubeba baiti 1,024 tu, ila mna vipimo vya picha na uwiano wa rangi vilivyowekwa kiwandani kwa seti ile ile. Mara nyingi huharibika baiti chache. Zilizobaki bado husomeka kwa kompyuta. Chipu isomwe mara mbili, nakala zilinganishwe, baiti mbovu zirekebishwe kwa kufuata seti nyingine ya modeli hiyo hiyo, ndipo chipu mpya iandikwe.

Nawe mteja, kabla hujalipa, uliza nakala ya zamani iko wapi.