Wazee Watupishe?



Hivi karibuni, katika mazungumzo baada ya Misa, kijana mmoja mwalimu alisimama akasema: "Wazee watupishe." Akapigiwa makofi. Nami, niliyekwisha pita miaka 50, nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Sikukasirika, kwa maana uchungu wake naujua. Anafundisha shule ya msingi bila namba ya matrikule, yaani bila mshahara wa Serikali. Na tangu masomo ya msingi yalipofanywa kuwa ya bure mwaka 2019, hata ile michango ya wazazi iliyomshika mkono haipo tena.

Lakini makofi yale yalimwangukia mtu asiyestahili. Mwalimu mzee haing'ang'anii chaki kwa ulafi. Amewaona wenzake wakisubiri malipo ya uzeeni hadi kaburini, naye anaogopa. Ninyi mngefanya nini?

Kati ya kubeba darasa siku nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu kuna njia nyingine. Rafiki yangu, mwenye miaka 61, magoti mabovu na sauti iliyokwisha, alimwomba mkuu wa shule yake abaki na vipindi vya asubuhi tu. Vingine avishike mwalimu kijana, naye amsaidie kutayarisha masomo. Alijibiwa: "Ama unafundisha, ama unaondoka. Hapa hatuna nusu mwalimu."

Nusu mwalimu! Basi fungueni Kitabu cha Hesabu, sura ya 8. Walawi waliingia katika utumishi wa hema wakiwa na miaka 25. Walipofika 50 waliondolewa kazi nzito, ila waliendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Hakuna aliyewaita nusu Walawi. (Kwa hesabu hiyo hata mimi ningekuwa nimekwisha tua mzigo.) Wala jambo hili si la kale tu. Mwaka 1980 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 162, linalotaka mfanyakazi mzee anayeomba apunguziwe saa polepole kabla ya kustaafu. Ni pendekezo, halimfungi mtu kama sheria. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao. Mkuu wa shule anayesema "ama, ama" hajavisoma, au amevisoma akanyamaza.

Hata hivyo sisi wazee tuna kosa letu. Tunangoja mpaka tuugue, kisha tunakwenda ofisini kulia. Mapatano hayafanywi kwa machozi. Mtu aende mapema, akiwa na ratiba mkononi: vipindi anavyobaki navyo, anayepokea vingine, na muda wa majaribio, tuseme muhula mmoja. Aandike barua nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Wala asitie sahihi kabla ya kujua kama kupungua kwa saa kutagusa mshahara wake na hesabu ya malipo ya uzeeni. Wengi hujua hilo wakati hakuna tena wa kumuuliza.

Na kijana anayepokea vipindi? Hapa sitawadanganya. Asipopewa matrikule, atakuwa mchukuzi wa bure wa mzigo wa mzee, na hiyo ni dhuluma nyingine. Kwa hiyo madai hayo mawili yaandikwe katika barua moja na kutiwa sahihi na wote wawili. Mkuu wa shule humfukuza kwa urahisi mzee aliyekuja peke yake, na kijana aliyekuja peke yake vilevile.

Rafiki yangu bado anapanda ngazi zile kila asubuhi. Kijana aliyepigiwa makofi anafundisha chumba kinachotazamana na chake. Mpaka leo hawajaketi pamoja kuiandika barua hiyo.