Dripu si soda, mshikaji!

Juzi hapa Babati jirani yangu alimkomalia nesi: "Dada, mwanangu anachemka, mtundikie dripu fasta!" Nesi akagoma, jamaa akanuna ile mbaya.

Hata mimi nilikuwa upande wake, mpaka niliposoma utafiti wa FEAST wa 2011. Watoto 3,141 waliokuwa hoi kwa homa, Kenya, Uganda na hapa Bongo kule Muheza, waligawanywa kwa kura. Waliomiminiwa maji harakaharaka, ndani ya saa 48 walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Wasiomiminiwa, kama 7. Wa kuharisha hawakuwemo. Hao maji huwaokoa.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, tusimpangie daktari. Tumuulize tu: dripu hii ya nini?

Tuonane wiki ijayo!