Kwetu Wapi?

Nyie mnaosema kila mwandishi aandike alikotoka, leo nina neno nanyi.

Mimi nasomea uzamivu wa fasihi. Utafiti wangu ni hadithi za misafara, ile njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Jumamosi nafundisha tuisheni hapa Tabora, bure. Siku ya kwanza nikatoa insha ya kawaida kabisa: "Mimi na Kwetu". Binti mmoja akarudisha karatasi nyeupe. Nikamgombeza! Baada ya kipindi akanivuta pembeni: "Mwalimu, nikiandika kwetu, atasoma nani?"

Babu yake alikimbia Burundi mwaka 1972, akapata shamba Ulyankulu, akalima tumbaku. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa wimbi lile na watoto wao. Ni jambo kubwa, nalisifu. Lakini jina la mama yake halikuwemo kwenye karatasi za familia. Binti kazaliwa hapa hapa, Kinyamwezi ananishinda, ila hana cheti wala kitambulisho. Mkopo wa chuo ni wa Watanzania. Basi tena.

Sasa oneni kasheshe. Mezani kwangu yupo Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye baba yake alikuwa na makao huku Unyanyembe. Aliingia hadi Kongo na bunduki, nani alimwuliza cheti? Maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili tunayaita fasihi yetu. Hata mimi nayapenda, sifichi. Yaani mfanyabiashara wa pembe na watumwa tumempa uenyeji, halafu mjukuu wa mkulima tunamtaka atuletee hadithi ya kweli ya maisha yake, sisi tukaandikie tasnifu! Na mimi nimo: hadithi ya bibi mmoja wa Ulyankulu iko kwenye sura yangu ya 3. Mimi nitavaa joho. Yeye je?

Siku hizi natoa ngano. Sungura kafika mtoni, kaulizwa jina la babu yake, endelea. Wanaandika hadi giza linaingia. Kisha tunafungua mafaili: kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, barua ya mtendaji. Foleni nazijua sasa kuliko vina.

Na nyie wahariri, mnadai jina kamili na mahali pa kuzaliwa chini ya kila hadithi. Ya nini? Yule binti anazo tatu, nzuri kuliko hii makala. Ninazo mimi. Semeni mtazichapa bila jina, nizilete.