Nyumba Isiyoenea Katika Picha Moja

Katika baadhi ya shule zetu za sekondari umezuka mtindo ambao, kwa maoni yangu, hauna budi kupingwa kabla haujaota mizizi. Mwanafunzi wa sanaa huagizwa alete picha ya mtindo wa kubizimu. Kijana hushika simu, hupiga picha ya uso wa mwenzake, huipitisha katika programu iliyotengenezwa ng'ambo, hugusa mahali pamoja tu, na kwa nukta chache uso ule huvunjika pembepembe kama kioo kilichoangukiwa na jiwe. Mwalimu hutikisa kichwa kwa kuridhika na kutoa alama. Nimeziona picha za namna hiyo zimetundikwa ukuta mzima katika shule ambayo sitaitaja. Nilizitazama moja baada ya moja, na hakuna hata moja iliyoniambia kama ilipigwa Mbulu au Lisbon.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya upuuzi huu ni kuitupilia mbali kubizimu yenyewe, kwa kuwa ni mtindo wa Wazungu na hauna nafasi katika utamaduni wa Taifa. Siwaungi mkono. Mwalimu Nyerere, alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mnamo Desemba 1962, alitahadharisha waziwazi kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine. Ubaya wa picha zile haukutokana na ugeni wa mtindo. Ulitokana na uvivu wa macho, na uvivu wa macho hauna uraia.

Basi kubizimu ni nini? Jina lake limetokana na umbo la mchemraba, nalo lilianza kama kejeli ya wahakiki wa Ufaransa mwaka 1908, walipoona michoro ya Georges Braque ambamo nyumba na miti vilikuwa vimegeuzwa kuwa maumbo ya kihesabu. Braque na mwenzake Mhispania, Pablo Picasso, walikuwa wakihangaika na swali moja. Tangu karne ya 15 wachoraji wa Ulaya walikuwa wamefundishwa kuchora dunia kana kwamba inatazamwa na mtu mmoja, mwenye jicho moja, aliyesimama mahali pamoja bila kutikisika. Lakini nani hutazama hivyo? Mtu hukizunguka chungu. Huona mdomo wake kwa juu na tumbo lake kwa ubavu, na vyote viwili hukaa pamoja akilini mwake. Wachoraji wale waliuliza inawezekanaje ujuzi huo wa mtu anayetembea kuwekwa juu ya karatasi isiyotembea. Kati ya 1909 na 1912 waliacha karibu rangi zote isipokuwa kahawia na kijivu, ili swali lenyewe lisifunikwe na mapambo. Mwaka 1912 walianza kubandika: Picasso aligandisha kitambaa cha mezani chenye mchoro wa ukili wa kiti, na Braque karatasi ya kupamba ukuta iliyoigiza mbao. Hapo ndipo ilipoanza kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa.

Sasa hapa huinuka kundi la pili, nalo husema kwa sauti kubwa kwamba kubizimu ni mali yetu iliyoibwa. Kuna ukweli ndani ya madai hayo, lakini yafaa yasemwe kwa uangalifu. Ni kweli kwamba mwaka 1907 Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akakuta vinyago na vifunika-uso vya Kiafrika, na kwamba mwaka huohuo alichora wanawake watano wa Avignon, wawili kati yao wakiwa na nyuso zinazofanana na vifunika-uso hivyo. Lakini kazi zilizowagusa wasanii wa Paris zilitoka zaidi Afrika ya Magharibi na bonde la Kongo, katika makoloni ya Wafaransa na Wabelgiji. Hazikutoka Mbulu wala Newala. Mtanzania anayejipiga kifua kwa ajili ya jasho la mchongaji wa Gaboni anafanya lilelile analowalaumu Wazungu. Kama anataka jamaa wa karibu zaidi, awatazame wachonga mpingo wa Kimakonde, ambao tangu miaka ya 1950, kwa mkono wa Samaki Likankoa na waliomfuata, wametoa vinyago vya mashetani: jicho liko huku, mdomo kule, sikio limeshuka begani, na bado umbo zima linasimama na kupumua. Ujuzi huo haukufundishwa Paris.

Dhuluma halisi ni nyingine, nayo haizungumzwi vya kutosha. Kila kipande cha karatasi alichokigusa Picasso kimeandikwa mwaka, mahali, wakati mwingine hata mwezi. Wachongaji wa vifunika-uso vile hawakuandikwa majina. Vitu vilibebwa, na watu waliovitengeneza waliachwa nyuma ya pazia. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu sisi wenyewe, na simu zetu mikononi, tuko mbioni kulitenda tena.

Kwa nini basi nadai kwamba swali la Braque na Picasso lina kazi kubwa ya kufanya Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu? Kwa sababu ya nyumba. Wairaqw, ambao wengi wetu huwaita Wambulu, walijenga zamani tembe zilizochimbwa ndani ya mteremko wa kilima. Sehemu ya nyuma iliingia ardhini, na paa la miti lililofunikwa udongo liliendelea na mteremko, hata mtu aliyetokea juu aliweza kulikanyaga asijue kwamba chini ya nyayo zake wamelala watu na ng'ombe. Ilijengwa hivyo kwa makusudi, ili mifugo isionekane na wavamizi, Wamaasai wakiwa miongoni mwao. Ni nyumba iliyobuniwa ili imshinde mtazamaji aliyesimama mahali pamoja!

Mpelekee mpiga picha nyumba hiyo. Akisimama mbele, atapata mlango na ukuta mfupi, na wanaotazama picha watasema ni kibanda cha maskini. Akipanda juu, atapata nyasi na udongo, na watasema hakuna kitu. Akiingia ndani, atapata giza, nguzo na jiko. Picha zote tatu ni za kweli, na kila moja ikiachwa peke yake ni uongo. Nyumba yenyewe, yaani ile hila yake ya kuwa kilima kwa adui na kuwa nyumbani kwa mwenyewe, haimo katika yoyote. Inakuwamo pale tu zinapowekwa pamoja juu ya karatasi moja. Tembe hizo zimebaki chache, bati limechukua nafasi yake. Siwalaumu waliohamia kwenye bati. Anayelililia tembe kwa mashairi aende kwanza akalale humo masika yote. Lakini kizazi kinachokua kinazijua kwa picha ya mbele tu, ile ya kibanda, na kwa picha hiyo kinajifunza kuwaonea haya babu zake.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inadai miguu. Mwanafunzi aanze mlangoni, apige picha, asogee hatua mbili, apige tena, apande hadi juu ya paa, ashuke, aingie. Picha 30 au 40 si nyingi. Kila picha igusane kidogo na iliyoitangulia. Kwenye simu nyingi mtu akikandamiza kidole juu ya kioo kwa muda, kipimo cha mwanga hufungwa, na picha zinazofuatana hazibadiliki weupe ovyo. Za ndani zitakuwa nyeusi. Aziache ziwe nyeusi, giza lile ni sehemu ya nyumba. Kisha, penye kompyuta, afungue programu kama GIMP, ambayo hutolewa bure, aweke kila picha kama tabaka lake, azipunguze, azipindue, azilegeze hadi ziwe kama kioo ili aone zinapokutana. Mahali zinapokataa kukutana asilazimishe: pale ndipo mtazamaji atakapohisi kwamba mtu alitembea. Mchoraji Mwingereza David Hockney alifanya hivyo tangu 1982, na mwaka 1986 akaunganisha mamia ya picha za njia panda moja ya jangwani huko California, akapiga kila alama ya barabarani kwa karibu, hata ile iliyokuwa juu akaifuata kwa ngazi. Na pasipo kompyuta ziko mkasi na gundi. Hao wa 1912 walikuwa na nini zaidi?

Nitajibiwa kwamba programu ya kugusa mara moja ni chombo tu, kama brashi. Sikubali. Brashi haijui itachora nini kabla mkono haujaamua, lakini programu ile imekwisha kuamua kabla mtoto hajaamka, na itamvunjavunja nyanya yake na chupa ya soda kwa namna ileile moja. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, alisema kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Wapo watakaosema pia kwamba shule zenye simu moja kwa darasa zima haziwezi kazi hii. Kinyume chake, simu moja huwalazimisha wanafunzi wabishane kwanza juu ya mahali pa kusimama, na ubishi huo ndio somo.

Limebaki lile la majina. Mwanafunzi asiingie katika tembe ya mzee na simu mkononi kama mtalii. Abishe hodi, aketi, asalimie kama ilivyo desturi, aeleze anataka nini, aombe ruhusa, na akikatazwa kuingia upande fulani, pengo hilo aliache wazi katika picha yake bila kulifunika. Picha ikikamilika, nakala moja ya karatasi irudi kwa mwenye nyumba. Nyuma ya ile ya shule liandikwe, kwa ridhaa yake, jina la aliyeijenga nyumba, jina la anayekaa humo sasa, kitongoji na tarehe. Picha isiyo na maneno hayo mwalimu airudishe bila alama, hata ikiwa imependeza.