Balbu ya korido haina mwenyewe

Na Rehema Kilongola

Wiki iliyopita tuligombana tena kwa ajili ya LUKU. Nyumba tuliyopanga ina vyumba sita na mita moja, na kila mwezi tunachanga sawasawa. Umeme ukiisha kabla ya siku zake, anatafutwa mchawi. Safari hii akapatikana mama wa chumba cha tatu, kwa sababu ana watoto watatu wa shule na pasi kwake haipoi. Alisemwa mbele ya wanawe, na roho inaniuma hadi leo kwamba sikumtetea. Sikuwa na hesabu mkononi.

Hesabu nimeipata Jumapili. Niliwaomba wenzangu kila mmoja azime vyote chumbani kwake na majokofu yachomolewe, ibaki inawaka balbu ya korido peke yake, ile ya kioo yenye uzi ndani, wati 60. Nikasimama mbele ya mita na saa mkononi. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kile kitaa chekundu hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Kikapepesa. Nikahesabu sekunde 60, kikapepesa tena. Sekunde 60 nyingine, tena.

Balbu ile huwashwa magharibi na kuzimwa asubuhi, siku akitokea wa kuizima. Kwa saa 12 inakula uniti 0.72. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa haizidi nusu uniti. Yule mama hata angenyoosha sare nusu saa kila siku iendayo kwa Mungu, bado balbu inayomulika korido tupu ingekula kuliko yeye. Kwa mwezi ni uniti 21.6. Anayetaka kubaki kwenye bei ya chini ya TANESCO, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Balbu moja tu imeshamega zaidi ya robo. Sisi wa vyumba sita tulivuka zamani, tunanunua kwa shilingi 292 kabla ya kodi.

Siku hiyohiyo nikaenda dukani, nikarudi na balbu ya LED ya wati 9 niliyoinunua shilingi 3,500. Tukaifunga, tukarudi kwenye mita. Kitaa kilikaa kimya dakika sita na sekunde 40 ndipo kikapepesa, na korido inaonekana vilevile. Kwa mwezi ni uniti 3.24. Tofauti ni uniti 18 na ushee, zaidi ya shilingi 5,300. Hela ya balbu inarudi ndani ya siku 20.

Ile ya zamani ni jiko zaidi kuliko taa. Uzi wake huchomwa hadi ung'ae, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme hutoka kama joto. Wafugaji wa vifaranga wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana huifuata dukani makusudi. LED haina uzi wa kuchoma. Ndani yake mna vipande vidogo vinavyotoa mwanga wa buluu, vimefunikwa unga wa njano ili jicho lione weupe. Mwanga huo wa buluu ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Wapo waliochoshwa na LED za bei ya kutupa zilizokufa baada ya wiki mbili, na wana haki. Usiondoke dukani kabla haijawashwa mbele yako. Soma lumeni, si wati peke yake: 800 hivi ndizo zinazolingana na balbu ya zamani ya wati 60. Dai dhamana yenye tarehe. Na usiifungie ndani ya kioo kilichozibwa pande zote, maana joto lake dogo likikosa pa kutokea linaiua.

Lakini kidonda chenyewe kipo kwingine. Vyumbani wengi wetu tulishabadilisha. Zilizobaki ni za korido, chooni na ukutani nje, ambazo hazina mwenyewe. Mwenye nyumba hununua ya bei ndogo kwa sababu LUKU haimhusu, na mpangaji hanunui kwa sababu kesho anahama. Namwomba mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo aweke LED mahali pa wote kabla ya kukabidhi ufunguo, kama anavyoweka kitasa, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Jioni ile nilimgongea mama wa chumba cha tatu, nikamwonyesha daftari langu. Alilisoma taratibu, mstari kwa mstari. Akaniomba siku ya kuchanga nilisome kwa sauti, watu wote wakiwepo, na wanawe pia.